Kiatu cha Breki: Tarikhi ya Kuzuia Mwendo katika Nchi ya Mara

Katika miteremko inayoanguka kutoka Butiama kuelekea ziwani, mtu mzima wa leo ambaye utotoni aliwahi kuichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa atakumbuka kwamba breki ya kwanza aliyoijua ilikuwa unyayo wake mwenyewe, uliovikwa kandambili au katambuga, akaukandamiza juu ya tairi la nyuma mpaka harufu ya mpira ulioungua ikamjaa puani, na baiskeli ikatii shingo upande. Maarifa hayo hakufundishwa na mtu. Yalitokana na mteremko wenyewe, ambao ni mwalimu asiyerudia somo, na mtoto aliyeyapata alikuwa amekwisha kuigusa asili ya ufundi ambao tarikhi yake ndiyo makusudi ya maandishi haya.

Nasema asili kwa sababu huko Derbyshire, katika Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, mtu aitwaye Herbert Frood aliwaona waendeshaji wa magari ya farasi wakichomeka buti kuukuu baina ya gogo la breki na gurudumu, ili mkwaruzo uongezeke mahali ambapo mti mtupu ulikuwa ukiteleza. Hakuipuuza hekima ile ya watu wa njiani. Mwaka 1897 alianza kutengeneza kitu cha kushika mahali pa buti, na herufi za jina lake, zikipanguliwa na kuongezwa E ya jina la mkewe Elizabeth, zikawa Ferodo, jina ambalo kila fundi wa Musoma amelisoma juu ya kasha la pedi. Hivyo chombo ambacho mafundi wetu hukiita breki shuu, yaani kiatu cha breki, kilianza kweli kweli kwa kiatu, na mtoto wa Butiama na bwana wa Derbyshire walikwenda kwa nyayo zile zile.

Tarikhi ya motokaa katika nchi yetu imezoea kusimuliwa kwa upande wa injini. Watu huhadithia gari lipi lilikuwa la kwanza kufika na lipi lilikuwa na nguvu kuliko wenzake. Ni nadra kumsikia mzee akieleza lilivyosimama. Naona katika jambo hili dhuluma fulani kwa jamaa wa mafundi ambao kazi yao hudhihirika kwa kutotukia chochote, maana breki njema haina kisa cha kusimuliwa jioni. Nataka nilipe deni hilo kwa kadiri ya uwezo wangu.

Mwaka 1934, Julius Nyerere alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, safari ya yapata maili 26 kutoka Butiama ilikuwa safari ya miguu. Mji wa Musoma ulitazama ziwani kuliko bara. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901 na Mwanza tangu 1928, na baina ya bandari hizo mbili meli ndizo zilizokuwa barabara kuu ya Jimbo la Ziwa, zikileta kutoka ng'ambo bidhaa zote ambazo nchi haikuzifanya, vipuri vya motokaa vikiwamo. Bara, malori yalifuata dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, na pamba ya Majita na Bunda. Mgodi hauendeshwi bila karakana, wala kinu cha kuchambulia pamba hakiendi bila mtu wa kufua chuma. Basi katika sehemu hizo, chini ya mafundi wa Kihindi, na hasa Masingasinga ambao watu wa bara waliwaita Kalasinga, vijana wa Kizanaki, Kijita, Kiruri na Kikurya walishika spana kwa mara ya kwanza.

Malori ya zama zile yalizuiwa kwa vyuma na kamba za waya zilizotoka kwenye pedeli mpaka magurudumuni, na kila gurudumu lilikuwa na tabia yake: moja likishika mapema, la pili likichelewa, gari likavutwa upande kama ng'ombe mkaidi. Breki ya mafuta, ambayo hulipa kila gurudumu haki yake kwa kuwa msukumo ndani ya umajimaji huenda sawasawa pande zote, ilikuwa imekwisha kufungwa katika motokaa za Duesenberg za Marekani tangu 1921, lakini kampuni ya Ford, ambayo magari yake yalienea Afrika kuliko ya wengi, haikukubali kuiacha breki ya vyuma mpaka katika magari yake ya 1939. Kwa hiyo kizazi kizima cha madereva wa bara kilijifunza kazi katika magari ambayo kusimama kwake kulihitaji dua, gia na utingo. Utingo huyo alipanda nyuma juu ya mzigo na kigingi cha mti mgumu mkononi. Lori lilipoishiwa nguvu katikati ya mlima, likaanza kurudi kinyumenyume, yeye aliruka chini kabla dereva hajapiga kelele, akakitia kigingi nyuma ya gurudumu. Wengi wamewakumbuka madereva, wala sijaona mahali palipoandikwa sifa ya wale vijana wa vigingi, ambao walikuwa breki ya mwisho baada ya breki zote.

Ngoma ya breki, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu huku viatu vikitanuka ndani yake na kuikwaruza, ina aibu mbili ambazo nchi ya Mara inazijua sana. Ya kwanza ni joto. Ngoma ikipata moto hutanuka ikavikimbia viatu vyake, hata dereva akanyagaye kwa nguvu ile ile hukuta pedeli inazidi kuzama na gari linazidi kwenda. Ya pili ni maji na tope. Barabara ya Mwanza hupita mbuga za udongo mweusi kando ya Ghuba ya Speke, ikakata mito ya Mbalageti na Grumeti, na gari lililovuka maji hubeba mto mdogo ndani ya ngoma zake; dereva mwenye adabu ya kazi hakuongeza mwendo kabla ya kwenda hatua nyingi mguu wake ukiigusa breki polepole, ili joto la mkwaruzo likaushe kilicholowa.

Mwaka 1953 mambo mawili yalitukia, moja karibu na sisi na moja mbali, yakipishana kwa siku chache tu. Tangu 27 Mei mpaka 1 Juni motokaa zilishindana katika Kenya, Uganda na Tanganyika kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mashindano yale yakazaa Safari Rally. Majuma mawili baadaye, huko Le Mans, Ufaransa, Jaguar yenye breki za diski za Dunlop iliwashinda wenye ngoma katika mbio za saa 24, kwa sababu diski iko wazi katika upepo, na ikipata moto hutanuka kuifuata pedi badala ya kuikimbia. Tangu siku ile hukumu ya ngoma ilikuwa imekwisha kutolewa, ila utekelezaji wake ulichukua muda mrefu kufika kwetu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mtoto wa ule ule ukoo wa Makalasinga niliokwisha kuutaja, aliishinda Safari ya 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari la ngoma magurudumu yote manne. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Watu walisifu injini na mioyo ya mabwana hao, na walistahili sifa. Lakini mimi nikisoma habari za ngoma zile katika matope yale, namsifu zaidi mtu ambaye usiku, kwa taa ya mkononi, alizirekebisha zikashika sawasawa.

Nafika sasa kwenye sehemu ambayo naiona kuwa moyo wa tarikhi hii. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, wala haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa mtu wa Dar es Salaam hayo yalikuwa mambo ya siasa. Kwa mtu wa Musoma yalikuwa mambo ya kila siku, maana Kisumu na Nairobi ndiko kulikotoka nusu ya maisha yake, na Sirari, iliyokuwa mlango, ikawa ukuta. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikafuata, malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kwa kazi ya taifa, na yaliyorudi yakarudi yamechakaa. Fedha za kigeni zikaadimika. Gari likawa na thamani ya vipuri vyake, na kipuri kikawa na thamani ya magendo.

Katika dhiki hiyo gereji bubu zilipata elimu yao ya juu. Lainingi, yaani utando wa kukwaruzia uliopigwa juu ya kiatu cha breki, haikuwa mwisho wa kiatu ilipokwisha: kiatu chake kilisafishwa, kikapigwa lainingi iliyokatwa kutoka gari kubwa zaidi, ikatobolewa na kufungwa kwa ribiti za shaba, vichwa vyake vikizamishwa chini ya uso ili visiichane ngoma. Ngoma iliyopata mifereji ilipelekwa mahali penye mashine ya kukerezea, ikachongwa mpaka uso wake ukawa laini, na fundi mwaminifu alimwambia mwenye gari kwamba ngoma iliyochongwa mara mbili imekuwa nyembamba na haitaivumilia ya tatu. Raba ndogo za silinda, ambazo zisipokuwapo mafuta huvuja, zilitafutwa katika magari maiti, zikalinganishwa kwa macho na vidole, na raba ya gari la nchi moja ikakaa katika silinda ya gari la nchi nyingine. Katika nchi nyingi zilizopata dhiki ya namna hii husimuliwa habari za madereva waliotia maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, nao wakafika nyumbani. Ila waliotia mafuta ya injini walipata msiba mkubwa zaidi, kwani mafuta hayo huzivimbisha raba zikakwama, na breki ikashika bila kuamriwa au ikakataa kabisa.

Nataka msomaji alitie maanani jambo lililofanyika pale. Fundi wa miaka ile alilazimika kujua kwa nini kiungo cha gari hili kitakubali kuishi katika gari lile: kipenyo cha pistoni yake, urefu wa skrubu zake, unene wa chuma chake, uzito utakaoangukia juu yake. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na kipande cha uzi cha kupimia, na kumbukumbu. Kufungua gari moja na kurithisha breki zake kwa jingine, jambo ambalo vijana wa leo hulisema kwa majina mapya na kuliona kuwa fahari ya zama zao, lilikuwa desturi ya gereji za chini ya miti kabla ya wao kuzaliwa. Tofauti ni kwamba wazee walilifanya kwa ufukara, na vijana wanalifanya kwa mapenzi.

Mapenzi hayo yalifika na mitumba. Baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji kuanzia 1984, na zaidi katika zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika, nayo yanafaa kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama sisi. Miongoni mwake yalikuwa magari madogo ya mlango wa nyuma, yenye miili mifupi na tabia nyepesi: Toyota Starlet, na baadaye Vitz na IST. Ukoo wa magari madogo yenye nguvu kubwa ulipata jina ulimwenguni tangu 1976, pale Volkswagen ilipoanza kuuza Golf GTI ya nguvu za farasi 110. Wajapani wakajibu kwa njia yao, na mwaka 1990 Starlet ya turbo ilikuwa na nguvu za farasi 135 kutoka injini ya lita 1.3. Kijana wa Musoma au wa Bunda mwenye Starlet ya kawaida akiisikia habari hiyo, na akijua kwamba injini ile yaingia pale pale ilipokaa ya kwake, hawezi kulala. Atauza ng'ombe wawili. Atafunga turbo, atafungua bomba la moshi, na jioni atakwenda mpaka Makutano na kurudi akiona kwamba dunia imekuwa ndogo.

Breki zake lakini ni zile zile zilizobuniwa kwa ajili ya mtu aendaye sokoni kununua nyanya. Hapa hesabu haina huruma, wala haijali mapenzi ya mtu. Mwendo ukizidi mara 2, kazi ya kusimamisha huzidi mara 4. Gari la kilo 900 liendalo kilomita 60 kwa saa likisimamishwa, joto linalozaliwa katika breki laweza kuchemsha kikombe kikubwa cha maji. Liendalo kilomita 120, joto hilo huchemsha lita 1 na nusu, birika zima la chai, na joto lote hilo huzaliwa katika muda wa sekunde chache baina ya vipande vya chuma na pedi ambazo mtu huzifunika kwa viganja vyake. Pedi dhaifu ikipata moto huo hutoa mvuke wa gundi zake na kuanza kuelea juu ya diski. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji kutoka hewani, na mji ukaao katikati ya maji kama Musoma hauna upungufu wa unyevu: mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yaliyokwisha kunywa maji yaweza kuchemka yapata nyuzi 140, na yakichemka huzaa mapovu, na povu hubanwa, na pedeli huenda mpaka sakafuni bila gari kujua kwamba limeamriwa.

Mafundi wanaoijua kazi huanza kwa vitu visivyoonekana wala kusifiwa: mafuta mapya ya DOT 4, mipira ya breki isiyovimba, pedi zilizofanywa kwa joto kubwa. Kisha ndipo huja kwenye diski, na hapo urithishaji wa wazee hurudi wazi wazi. Golf zenyewe ni ushahidi mzuri, kwa kuwa katika ukoo wao GTI za mwanzo zilikuwa na diski za mbele za milimita 239, zile za vali 16 zikapewa 256, na zile za G60 zikafika 280, na mafundi wa dunia nzima wamepanda ngazi hiyo kwa kuvua za mkubwa na kumvika mdogo. Faida ya diski kubwa huieleza mlango: anayeuzuia kwa kushika ukingo wake hutumia nguvu kidogo, na anayeuzuia karibu na bawaba hutoka jasho. Lakini diski kubwa hudai rimu kubwa, maana kalipa, ile inayozibana pedi, haiingii ndani ya rimu ya inchi 13. Na kalipa yenye pistoni pana hudai mafuta mengi, hata masta silinda ya zamani ikashindwa kuijaza mpaka pedeli imezama nusu. Tena lipo kosa moja ambalo nimeliona na likanitia hofu, nalo ni kuongeza breki za nyuma ili gari lishike zaidi. Gari linaposimama uzito wake hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yakawa mepesi. Yakishikwa kwa nguvu hufunga, yakateleza, na mkia wa gari ukataka kutangulia kichwa. Fundi aliyekulia katika miaka ya dhiki hafanyi kosa hilo, kwa kuwa alikwisha kuona lori likigeuka.

Nani atasema kwamba haya ni anasa ya vijana wachache? Barabara kuu kutoka Lamadi mpaka Bunda yapita penye lango la Ndabaka, ambapo wanyama wa Serengeti hushuka kutafuta maji. Na kutoka Bunda mpaka Musoma ni nchi ya wafugaji, ambako jioni makundi ya ng'ombe hukata lami bila kutazama kulia wala kushoto, yakichungwa na mtoto wa miaka 10. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imewapa askari uwezo wa kulizuia gari bovu, na alama za kilomita 50 zimesimamishwa kila penye kijiji. Hata hivyo tarehe 5 Septemba 2014, mahali paitwapo Sabasaba katika wilaya ya Butiama, mabasi mawili na gari dogo yaligongana, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha asubuhi moja. Sisemi kwamba breki ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba baada ya siku ile, katika mkoa huu, neno kusimama halikubaki kuwa neno dogo.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 mpaka wa Sirari ulipofungwa sasa amekwisha kupita 60. Aliingia gereji kama spana boi, akatumwa kutafuta raba katika magari maiti, akajifunza kupima pistoni kwa uzi. Leo macho yake yameingia ukungu, na vumbi la lainingi za asbesto alilolipuliza kwa kinywa chake miaka mingi, bila mtu wa kumwonya, huenda bado limo kifuani mwake. Wanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA pale Musoma wanafundishwa breki katika vyumba vyenye vielelezo vizuri. Nawasihi walimu wao wawatoe siku moja, wakaketi na wazee hao chini ya miti yao, Musoma mjini, Bunda stendi na Butiama, pamoja na daftari na kalamu, wakaandike kiungo gani cha gari gani kilikubali kukaa wapi, na kwa nini, maana hesabu hizo hazimo katika kitabu chochote, na wanaozijua wanapungua kila mwaka.